Mistari ya Mvua ya Sib

Tokyo, 11 Januari 2024

Ami Thabit,

Assalamu alaikum. Bahasha imefika jana, nzima, haikukunjwa hata kona. Nimeifungua kazini, hapa makumbusho, na wenzangu wote wakasogea kutazama. Picha zimefika tano, zimebaki saba. Mkurugenzi ameshatenga chumba cha ghorofa ya pili kwa ajili yako mwezi wa Oktoba, na juu ya mlango na katika kitabu cha maonyesho ataandika: Thabit bin Hilal wa Maskati, mwanafunzi wa mwisho wa Kuroda. Nilifikiri utapenda kulisikia hilo.

Nakupa pole tena kwa dada yako, Bi Khole. Mpaka leo nikipiga simu Sib nasubiri sauti ya shangazi, anigombeze kwamba nimechelewa kupiga.

Sasa nna swali, na usinikasirikie. Mwaka wa sita huu natazama picha za kuchapwa kwa mbao, ndiyo kazi yangu. Hizi tano nimeziweka kando ya zile ulizonipa nilipoondoka nyumbani. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, pale rangi ya mbingu inapofifia, unaona njia ya kile kisahani cha kusugulia karatasi juu ya ubao. Katika picha zako za zamani njia hiyo inapinda kulia. Katika hizi tano inapinda kushoto, zote. Karatasi hizi zimesuguliwa kwa mkono wa kushoto.

Wewe si mtu wa kushoto, ami. Kuna nini? Unaumwa? Niambie kweli, mimi si mgeni.

Khabari nyengine si nzuri. Karakana ya Kuroda, ulikojifunza kuchapa, inafungwa Disemba. Mtoto wake, yule mliyekuwa mkikaa meza moja, ana miaka sabini na tisa na hana wa kumwachia. Mwaka jana walikuja watu watatu kujifunza. Baridi haijesha, wote washaondoka.

Mwanao,
Ibtihal


Sib, 2 Februari 2024

Ibtihal mwanangu,

Waalaikum salaam. Macho yako makali kama ya mamako. Hapana kitu. Bega la kulia linaniuma, la uzee tu, basi nnasugulia mkono wa kushoto. Hayo tulifundishwa tangu kule kwa Kuroda. Usitie wasiwasi, wala usimwambie mtu.

Nimechoka, hilo sikufichi. Tangu tumzike Khole nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi nnatoka uani, nnaingia karakanani, nnakaa mbele ya mbao zangu mpaka adhana ya adhuhuri, na siku nyengine sikugusa chochote. Yule Nabatanzi, msichana wa Kiganda alokuja kumuuguza Khole, bado yupo. Ananiroweshea karatasi na kunisagia rangi. Msaada mkubwa.

Wiki ilopita Hisham kanipeleka hoteli moja ya mjini, ambayo zamani ikinunua picha zangu kila mwaka. Anataka mwanangu huyu nitoke nitoke, nisikae ndani. Ukutani nikaiona picha yangu ya soko la Sib, imekuzwa mara nne. Nikasogea, nikapitisha kidole. Laini kama kioo cha simu. Meneja akaja, mtu wa adabu zake.

"Umeipenda, ami? Tunachapisha viwandani, Rusayl. Vyumba vyote vimepata kwa siku moja."

Nikamwambia, "Picha hii ilinchukua miezi mitano."

Akacheka, akadhani nnafanya mzaha. "Wao wamechapa mia na hamsini kabla ya chakula cha mchana!"

Hisham akataka kugomba, nikamvuta mkono. Sikusema mimi ni nani. Wallahi, Ibtihal, sikuwa hata na hasira. Nilitaka nipate kiti tu nikae.

Msalimie Kuroda mdogo. Mwambie wale watatu ningekuwa mimi ningekimbia nao.

Ami yako,
Thabit


Tokyo, 20 Februari 2024

Ami,

Utanikasirikia, basi nikasirikie. Barua yako nimeisoma mara tatu na habari ya bega haikuniingia. Baba alianza hivyohivyo. Mkono, kisha kuchoka, kisha hana hata hamu ya kugomba. Alituambia tunyamaze, tukanyamaza, na baada ya wiki tatu kiharusi kikamchukua. Sitofanya hivyo mara ya pili kwa ndugu yake.

Jana nimempigia kaka Hisham. Nimemwambia akupeleke hospitali, na karakanani asikuache uingie mpaka daktari aseme. Anasema alikuwa hajui chochote. Sauti yake ilinitia huruma.

Nenda, ami. Picha saba zitasubiri.

Ibtihal


Sib, 8 Machi 2024

Ibtihal,

Ulofanya umefanya kwa mapenzi, nnajua. Lakini wacha nikueleze yalotokea.

Hisham alikuja siku ileile. Hospitali wamenitia katika mashine zao zote. Kiharusi hapana. Wamesema nna maradhi ya kutetemeka, na hayakuanza leo. Daktari kaniuliza, tangu lini? Nikasema, miaka mitatu. Hisham akanitazama kama nimemwibia.

Tuliporudi akaifunga karakana kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Kisha akasema maneno ambayo siwezi kusema yana makosa. "Baba, Bi Khole keshafariki. Hamna mgonjwa tena humu. Na si vizuri mwanamke akae nyumba moja na mzee peke yake, watu wana midomo." Siku ya nne Nabatanzi kahamishiwa kwa watu wanaojuana na Hisham, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Alitoka na sanduku moja. Mimi nilikuwa mlangoni, na sikusema kitu.

Ningesema neno moja ningelazimika kusema yote. Sasa nnakwambia wewe. Hakuna bega. Mkono wa kushoto ni wake.

Mbao za picha zote kumi na mbili nilizichonga mwenyewe kabla mkono haujaharibika. Kuchapa ndiko kulikonishinda. Unajua mwenyewe, karatasi moja inarudi juu ya mbao mara kumi na nne, rangi baada ya rangi, na ikisogea unywele mmoja picha imekufa. Siku moja niliharibu karatasi ishirini, moja baada ya moja, nikakaa chini sakafuni. Nabatanzi kaja na chai. Kaniona, kaweka kikombe.

"Baba, mimi nakuona ukifanya kila siku. Naweza kujaribu moja?"

Nikamwambia haya, jaribu. Kusema kweli, nilitaka mtu mwengine naye aharibu. Ya kwanza rangi ilikuwa nzito. Ya nne ilikuwa bora kuliko zangu za mwaka mzima.

Toka hapo yeye akichapa, mimi nikitia sahihi. Nikijiambia, mchoro wangu, mbao zangu, kuna nini? Lakini kwa Kuroda tulifundishwa kuandika pembeni mwa karatasi nani kachora, nani kachonga, nani kachapa, hata kama kaingia kazini jana. Hili nnalijua tangu nna miaka ishirini na tano. Niliogopa nikiandika jina lake watu watauliza, na wakishauliza, mimi nimekwisha.

Jana nimemwandikia, nimempa Fahd, dereva wa Hisham, ampelekee. Nimemwambia jina lake nitalitia katika zote tano.

Usimwambie mkurugenzi kitu mpaka nipate jibu.

Thabit


Madinat Sultan Qaboos, 21 Machi 2024

Baba Thabit,

Shikamoo. Hiyo nimeijulia kwako, kwetu kambini baba yangu askari alitaka tu tusimame wima. Kiswahili cha kambi na cha kwako ni ndugu wasiosalimiana, Bi Khole alikuwa akinicheka sana. Fahd ameniletea barua. Nimeisoma jikoni, madam amepumzika kwa sababu ya saumu.

Hapa niko sawa. Nyumba ni kubwa, watoto wanne. Hawanipigi, hawanitukani. Wananiita kadama, yaani mtumishi, kwa sababu jina langu ni refu kwao.

Unasema utaliweka hilo jina kwenye picha. Nakuomba usiliweke. Mkataba wangu unasema kazi za nyumbani, hausemi kuchapa picha. Likitoka kwenye kitabu huko Japani na mtu wa hapa akilisoma, wewe na Hisham mtaulizwa maswali, na mimi nitapandishwa ndege na alama mbaya kwenye karatasi zangu. Labda hakuna atakayesoma. Lakini watu kama sisi hatuwezi kukaa kungoja labda.

Kuna jambo lingine, na nimechoka kulibeba. Wewe umesema lako, wacha na mimi niseme langu.

Ile picha ya mvua, nyumba za serikali na maji yamesimama barabarani. Ubao wa mistari ya mvua si wako, Baba. Wako ulipasuka. Ilikuwa ile wiki Bi Khole alilazwa mara ya kwanza na wewe ulishinda hospitali. Nilikuwa nimeuosha, nikauacha juani, nikaondoka na Fahd kuwapelekea chakula. Nikarudi nikakuta ufa kutoka juu mpaka chini. Nililia. Halafu nikaona kulia hakuufungi ule ufa. Nilichukua karatasi yako ya zamani ya mvua, nikaibandika kifudifudi kwenye ubao mtupu uliokuwa kabatini, vile uliniambia mnafanya, nikachonga na patasi zako. Siku sita. Mistari ni mia mbili na kumi. Nilihesabu kwa sababu niliogopa kusahau mmoja.

Uliporudi nilitaka kukuambia. Nilikuchapia moja ili uone mwenyewe ukasirike, tumalize. Wewe ukaiinua ile karatasi, ukasema, "Tazama, Nabatanzi. Hapa mkono wangu ulikuwa bado mzima." Ulikuwa unatabasamu, na ndani Bi Khole alikuwa hawezi kumeza hata maji. Nikanyamaza.

Nisamehe.

Nabatanzi


Sib, 16 Aprili 2024

Ibtihal mwanangu,

Barua ya Nabatanzi nnakupelekea ndani ya hii, uisome mwenyewe. Mimi siwezi kuihadithia.

Siku ya pili ya Idi nilimwomba Hisham ufunguo, tukaingia pamoja. Nikautoa ubao wa mvua, nikauweka mezani, nikauinamia. Si wangu. Kisu kikipita kinaacha mteremko kando ya mstari, na mteremko wa kila mstari umelalia upande ambao mkono wangu wa kulia haufiki. Mia mbili na kumi, na mwaka mzima nimekuwa nikiushika ubao huo. Mimi ambaye nikiwacheka watu wa hoteli.

Hisham akauliza, "Vipi, baba?" Nikamweleza, toka mwanzo. Akakaa juu ya ndoo ya gundi, kanzu yake mpya ya Idi inashika vumbi.

"Nimemtoa humu kama mtu wa kufagia," akasema. "Kwa nini hukunambia?"

"Nilikuwa nikiona haya."

"Haya kwangu?"

Tukaenda wote wawili Madinat Sultan Qaboos. Mwenye nyumba, Bi Reem, katukaribisha vizuri, katuletea kahawa na halua, kisha Hisham akamwomba amwite Nabatanzi akae nasi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuinuliwa. Mkataba wake unamalizika Julai, na Bi Reem amemwahidi miaka miwili mingine, na mshahara zaidi. Nikamuuliza mbele ya wote, "Wewe unataka nini?"

"Nataka kwenda nyumbani, Baba."

"Na jina?"

"Nikishaondoka, liweke."

"Utaikosa miaka miwili ya kazi," nikamwambia. "Ulikuwa hulitaki."

"Nilikuwa sijui kama linatakiwa. Sasa nimelitaka." Akafikiri kidogo. "Na nimechoka, Baba. Nimeuguza, nimeosha, nimelea. Nimechoka."

Mwambie mkurugenzi hivi. Picha ni tano, saba hazitochapwa, sina wa kuzichapa. Pembeni iandikwe: mchoraji, Thabit bin Hilal. Mchapaji, Nabatanzi. Mchongaji Thabit kwa picha nne, na ya mvua, Nabatanzi. Akikataa, azirudishe, nami nitamshukuru vilevile.

Ami yako,
Thabit


Tokyo, 27 Oktoba 2024

Dada Nabatanzi,

Hunijui, ila sauti yangu labda uliwahi kuisikia kwenye simu ya Bi Khole. Anwani yako ya Masaka nimepewa na Hisham.

Mkurugenzi hakukataa, lakini chumba cha ghorofa ya pili kampa mtu mwengine. Kitabu alitaka cha mtu mmoja, mwanafunzi wa mwisho wa fulani, na sasa haikuwa hivyo tena. Picha zenu tano zimetundikwa kwenye ukumbi mwembamba karibu na ngazi. Jina lako limo, nimelisahihisha mwenyewe mara mbili, kwanza waliandika kwa t mbili. Watu wanapita wakienda juu. Wengine wanasimama.

Siku ya tatu alikuja Kuroda mdogo, ambaye si mdogo, na mkongojo wake. Alizitazama zote tano, akaomba kiti, akakiweka mbele ya mvua. Alikaa mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaniita.

"Aliyechonga hii yuko wapi?"

"Uganda."

"Anachonga nini sasa?"

Nikasema sijui. Nikaona haya, kwa sababu kweli sikujua, wala sikuwahi kujiuliza. Akaniambia, "Basi muulize." Jana ameleta kifurushi kazini: patasi sita, visu viwili, na kisahani kipya alichokifunga mwenyewe. Karakana inafungwa, anasema, na vyombo vikikaa bure vinashika kutu. Nimevituma kwako leo.

Na mimi nna langu la kusema. Mtu wa kwanza kuuona mkono wako katika picha zile ni mimi. Niliuona, nikadhani ni ugonjwa. Simu niliyopiga ndiyo iliyokutoa ile nyumba. Sikuombi uniambie si neno.

Unachonga nini?

Ibtihal


Masaka, 12 Januari 2025

Baba Thabit,

Shikamoo. Kifurushi cha Japani kimefika baada ya kukaa forodhani mwezi mzima. Walitaka kujua mwanamke anafanya nini na visu vingi hivyo. Niliwaambia napika, na si uongo, napika shule ya hapa karibu, watoto mia tatu, posho, yaani ugali wa kwetu, na maharagwe.

Nikitoka jikoni saa nane, nachonga. Dada Ibtihal aliniuliza nachonga nini na wakati ule jibu lilikuwa hakuna. Nilijaribu mti wa mvule, nyuzi zake ni nene, mstari mwembamba unakatika. Mfenesi ni afadhali. Karatasi ni ya kawaida tu.

Nimemfanya Bi Khole, amelala mchana. Mbao tano, rangi sita. Mchoro ni wangu, nimemkumbuka tu, sikuwa na picha yake. Nakutumia moja. Jina sijaandika bado.

Usiniambie ni nzuri kwa sababu unanihurumia. Wala kwa sababu unamlilia dada yako.

Nabatanzi


Sib, 3 Februari 2025

Nabatanzi mwanangu,

Barua hii anaandika Hisham, mimi nnasema. Kalamu imenishinda tangu mwezi wa kumi na mbili. Anaandika kila ninachosema, nimemkanya asipambe.

Picha yako nimekaa nayo siku mbili na lenzi. Kwanza, karatasi ilikuwa mbichi mno, ndo maana nyekundu ya kanga imevuka mstari pale begani. Iroweshe jioni, uichape asubuhi. Pili, kivuli cha mto umekichapa mara moja na kinataka mara mbili, kila mara rangi nyepesi. Tatu, nywele za kipajini umezichonga zote kwa unene mmoja. Nywele zikitoka kwenye ngozi zinaanza kama si kitu, kisha zinanenepa. Kisu kiingie kwa woga, kitoke kwa nguvu. Hili ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii, gumu kuliko mvua. Kuroda alinirudishia mara thelathini na moja, na nilimchukia kila mara.

Mdomo usiuguse. Khole alikuwa akilala hivyo, kama mtu anayetaka kukatiza maneno ya mwenzake. Nilipouona nilitoka uani nikakaa kidogo.

Hisham kaniomba tupumzike hapa. Haya, tumepumzika.

Mfenesi unafaa, endelea nao. Jina usiliandike bado, picha haijawa tayari. Wala mimi si wa kukwambia lini itakuwa tayari, maana macho yangu umeshayajua. Lakini hayo matatu nimeyaona, na nna hakika nayo.

Rudia.

Thabit bin Hilal,
kwa mkono wa Hisham